Triga Mpya na Kidole cha Shangazi: Risala ya Walinzi wa Mitambo ya Maji

Mgeni rasmi, ambaye ndiwe Mkurugenzi wetu wa Ulinzi, Meneja wa Mitambo, Afande Mkufunzi, wenzetu wa zamu zote, hasa ninyi wa usiku mliokatisha usingizi kuja hapa, mabibi na mabwana.

UKARIBISHO

Karibu sana. Uwanja huu wa shabaha si mgeni kwako, lakini siku zile ulikuja kutupima, ukiwa na kalamu na saa ya kuhesabia sekunde, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukukaribisha ipasavyo. Leo umekuja kutukabidhi vyeti. Tunakupokea kwa moyo mweupe, na kiti chako tumekifuta mara mbili.

Kabla hatujaendelea, ufahamu jambo moja. Risala hii tumeiandika sisi sote, lakini anayekusomea ni Shangazi, mlinzi wa geti la pili. Si shangazi wa mtu yeyote hapa. Jina alilipata kwa kutugombeza tusipokula. Alitusihi kazi hii tumpe katibu. Tukakataa, tena tumemwapisha asiruke hata mstari mmoja. Kwa hiyo, mgeni rasmi, ukimsikia anakohoa bila sababu, ujue amefika mahali anapotajwa. Tunaomba umvumilie.

SISI NI NANI

Sisi ni walinzi wenye silaha wa mitambo hii. Maji ya mji mzima yanapita mbele ya macho yetu kabla hayajafika kwenye bomba la mtu. Pampu zinanguruma kutwa kucha, kiasi kwamba tukifika nyumbani tunaongea kwa kupaza sauti na watoto wanadhani tumekasirika. Tangu kikosi hiki kiundwe, hakuna mlinzi aliyempiga mtu risasi, na hilo tunalihesabu kuwa fanikio letu la kwanza. Hata hivyo bastola iko kiunoni, na kila mwaka ni lazima tuoneshe kwamba tunaijua: mita kumi, risasi kumi, sekunde ishirini, na nane ziwe ndani ya duara. Anayeshindwa anarudia, na akishindwa mara tatu mfululizo anapewa barua ya kuondoka.

Shangazi amefanya mtihani huo miaka kumi na tisa. Hakuwahi kupata chini ya tisa. Sasa amebakiza miaka miwili astaafu.

YALIYOTUPATA

Mwaka huu tuliletewa bastola mpya. Tulizipokea kwa vifijo, tusikufiche. Tukapiga nazo picha, Afande akatufokea, tukazifuta.

Mgeni rasmi, wewe unayajua haya kuliko sisi, lakini wapo hapa wenzetu wa ofisini ambao hawajawahi kushika bastola, na tungependa nao waelewe. Triga, kile kifyatulio unachokibana kwa kidole, si swichi ya taa. Ukianza kuibana inakuja bure, haina uzito. Halafu kidole kinafika mahali pagumu, sisi tunapaita ukutani. Ukiwa pale ukutani ukabana polepole, risasi inatoka na kwenda ulikoielekeza. Ukikurupuka, bastola nzima inainama na risasi inazama kwenye mifuko ya mchanga. Risasi ikishatoka kuna kurudi. Kidole lazima kiiachie triga isogee mbele mpaka igonge kidogo, tik, ndipo bastola inakuwa tayari tena. Isiporudi kiasi cha kutosha, utabana mpaka kesho na hakitatoka kitu.

Miaka yote Afande Mkufunzi alitufundisha hivi: "Msiitupe triga! Ifuateni inavyorudi. Mkiisikia tu kidoleni, baneni tena." Katika bastola za zamani kurudi huko kulikuwa kufupi, unene wa ukucha tu. Na katika sisi sote, aliyelishika somo hilo barabara alikuwa mmoja. Wengine tuliitikia "Ndiyo, Afande!" kisha kila risasi ikitoka tukawa tunarusha kidole nje kama tumeshika sufuria ya moto. Afande alitukaripia mpaka sauti ikamkauka.

Bastola mpya zina triga nzito zaidi, na kurudi kwake ni kurefu, karibu mara tatu ya zile. Sisi wazembe wa kurusha kidole hatukuona tofauti yoyote. Tulifaulu wote, tukajiona mabingwa. Aliyeanguka ni mwanafunzi bora.

Shangazi alipiga risasi ya kwanza, ikaingia katikati kabisa. Akarudisha kidole unene wa ukucha, akabana. Kimya. Akabana kwa nguvu. Kimya. Sekunde zinakwenda, jasho linamtoka. Akaishusha bastola na kuelekeza mdomo chini kama sheria inavyotaka, akamkabidhi Afande.

"Afande, hii imekufa."

Afande akalenga, akabana. Paa! Bastola nzima kabisa. Maana katika kukabidhiana, kidole kilishatoka kwenye triga, nayo ikawa imerudi yenyewe. Hilo hakuna aliyelifikiria. Tukamwona Shangazi anaitazama bastola kama mtu aliyesingiziwa na ndugu yake.

Akarudishiwa bastola, saa ikaanzwa upya, nayo ikawa inanyamaza tena na tena; mtihani wa kwanza akapata sita. Wa pili akapata tano, kwa sababu sasa kila ikinyamaza alishtuka, akaiachia yote, akaivuta kwa hasira, na mchanga ndio ukapokea.

Baada ya mtihani wa pili, kwenye faili lake yaliandikwa maneno matatu: "Mtahiniwa anaiogopa silaha." Mgeni rasmi, mtahini siku hiyo ulikuwa wewe. Hatusemi haya kwa lawama. Tungekuwa sisi kwenye kile kiti, na tumwone mtu anaganda na bastola nzima mkononi, tungeandika hayo hayo.

Lakini maneno yale yalimwingia. Aliacha kula nasi, akawa anakaa peke yake nyuma ya stoo ya mabomba na bakuli lake limefunikwa. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alitusimulia walivyoongea.

"Mume wangu, labda nimezeeka."

"Umezeeka lini? Jana si uliniambia kifungo kimekaa upande, nawe uko mlangoni?"

"Basi labda ni kweli naogopa. Wameandika."

"Na wewe unasemaje?"

"Sijui," akasema. Mzee wa watu anasema hajawahi kumsikia mkewe akitamka neno hilo tangu waoane.

Zilibaki siku tano kufika mtihani wa tatu. Tulikaa roho juu, sisi wote. Ndipo Miwani, fundi wetu wa silaha, tunayemwita hivyo kwa sababu ana miwani mbili na kila siku anazitafuta zote, akaletewa bastola ile kwa mara ya tatu aikague. Akaifungua, akaifunga, akachukia.

"Bastola haina ugonjwa. Kama haina, basi uko kwenye kidole. Mleteni huyo mama nikione hicho kidole."

Wakaja uwanjani. Sisi, kama kawaida yetu, tukakodolea macho shabaha. Miwani akachuchumaa ubavuni mwa Shangazi, nyuma kidogo ya mstari, akaipa shabaha kisogo. Risasi ya kwanza, katikati. Ya pili, kimya. Miwani akaangua kicheko.

"Unanicheka, Miwani?" Shangazi akamuuliza, na macho yameshajaa.

"Namcheka Afande! Wewe umefundishwa, ukafundishika kupita kiasi. Rudisha kidole."

"Nimerudisha."

"Ongeza. Bado. Ongeza. Ongeza tena, usiogope."

"Siogopi!"

"Basi ongeza!"

Tik. Ilikuwa laini mno kuisikia kwa masikio, lakini aliisikia kidoleni.

"Alaa! Huku kote?"

"Huku kote, mama yangu."

Shangazi akabana, ikatoka, ikaingia katikati. Akatoa magazini, akahakikisha chemba iko tupu, akaweka bastola mezani inavyotakiwa, kisha akalia. Usiruke hapo, Shangazi. Ulilia, na sisi tulikuwepo, na wengine wetu tulijifanya vumbi limetuingia machoni.

Miwani alikuandikia ukurasa mmoja kueleza alichokiona. Mgeni rasmi, hakuna sheria iliyokulazimisha kuusoma. Uliusoma siku ile ile, ukaahirisha mtihani kwa wiki mbili. Tunakushukuru kutoka mvunguni mwa mioyo yetu. Ungeuweka chini ya rundo la karatasi, leo tungekuwa tunaandika risala nyingine.

TULICHOFANIKIWA

Wiki mbili hizo stoo ya mabomba iligeuka darasa. Risasi ziliachwa nje, zimefungiwa kwenye kabati, na kila bastola ilikaguliwa na watu watatu kabla haijaingia. Tulikaa wawili wawili. Mmoja anabana triga na kuishikilia. Mwenzake anavuta kile kipande cha juu na kukiachia, kama bastola inavyofanya yenyewe ikipiga. Kisha wa kwanza anaachia kidole polepole, macho amefumba, mpaka aisikie inarudi. Mara mia kila siku. Sisi tuliofaulu kwa uzembe tukagundua kwamba hatukuwahi kuisikia triga maishani mwetu. Shangazi alitupita wote kufikia siku ya tatu, akaanza kutugombeza tena. Hapo tukajua amepona.

Afande naye alikuja. Alisimama mbele yetu, akavua kofia, akasema, "Kosa ni langu. Nilipokea bastola mpya nikafundisha za zamani." Mtu mzima, mkufunzi wa miaka mingi, kusema hivyo mbele ya wanafunzi wake si jambo dogo, na tunamheshimu zaidi kuliko mwanzo.

Siku ya mtihani ulikuwepo, hatuna haja ya kukusimulia. Tunataka tu iingie kwenye kumbukumbu: risasi kumi, sekunde kumi na saba, tisa ndani ya duara. Ile ya kumi anadai alikuwa anamfukuza inzi. Tulishusha pumzi mpaka Meneja, bila kujua, akamkumbatia mpishi wa kantini.

CHANGAMOTO

Hazikosekani. Viziba masikio vimepasuka, tumevifunga kwa gundi ya karatasi. Paa la uwanja linavuja juu ya mstari namba nne, ndiyo maana wote tunapigania namba tano. Na kuna wanaosema tuombe triga zilegezwe. Sisi hatutaki. Mlinzi anasimama getini siku nzima, anasukumwa, anashtushwa na honi; triga nzito inampa nafasi ya kufikiri. Tunachotaka ni kuijua.

MAOMBI

Kwanza, silaha yoyote mpya ikija, tupewe wiki mbili za mazoezi bila risasi kabla ya mtihani. Pili, mtahini awe na msaidizi wa kutazama kidole, maana shabaha inaonesha risasi imekwenda wapi, haioneshi kwa nini. Tatu, paa.

Ombi la nne liko kwenye ukurasa huu wa mwisho, ambao Shangazi hakuuona. Tumeuunganisha asubuhi hii wakati anapiga pasi kitambaa chake. Shangazi, uliapa. Endelea kusoma.

Mgeni rasmi, barua ya kuondoka haikutoka, na cheti anapata. Yeye anasema yamekwisha. Lakini sisi tunamwona. Tangu ule mtihani wa pili hapiti mbele ya masijala. Anazunguka nyuma ya matangi, mwendo wa dakika saba, kwa sababu ndani ya chumba kile kuna karatasi inayosema anaogopa. Kila mkuu atakayekuja baada yako ataisoma hiyo kabla ya kumwona mwenyewe. Na huyu ndiye aliyeingia mtihani wa tatu akijua akikosa anakwenda nyumbani, na bado akaweka tisa ndani ya duara.

Faili lake tumeliomba masijala, liko mezani mbele yako. Hatuombi karatasi ichanwe. Tunaomba uandike chini ya yale maneno, kwa mkono ule ule, ulichokiona siku ile. Maneno ya kuandika tunakuachia wewe. Kalamu ipo. Tutakusubiri hata kama ni mpaka jioni.

Mungu akuzidishie afya na macho ya kuona, aibariki familia yako, akufikishe salama uendako, na awalinde wote wanaokunywa maji haya bila kujua sisi tupo.

Ni sisi walinzi wa Mitambo ya Maji, zamu ya asubuhi, ya mchana na ya usiku: thelathini na mmoja tulioanza mwaka, thelathini na mmoja tuliopo.