Magoti Niliyomwekea Baba

Mwangaluka, kina mama. Itikieni vizuri basi, au mmefunga bila kuniambia? Haya. Mtanisamehe nitasema nikiwa nimekaa. Magoti haya yamechoka, hayanisikii tena, na bahati mbaya ushuhuda wangu wenyewe ni wa magoti.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze na ninyi kwa sababu kwenye kikundi hiki wapo waliorudishwa makwao. Sitamtaja mtu. Nitajitaja mwenyewe: mimi nilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza na mume, mara ya pili na hospitali.

Ya mume nitaipitisha haraka. Niliolewa nikiwa binti, nikakaa miaka, sikupata mtoto. Siku moja nikaambiwa nifungashe. Ng'ombe wa mahari walipodaiwa, baba yangu aliwaswaga mwenyewe mpaka kwa mume, akarudi, akanawa miguu, akauliza kama kuna ugali. Hakusema neno. Ndugu zangu, nawaambia, afadhali angenifokea. Nilikaa nyumbani kwa baba pale Dutwa nikitembea pembeni ya ukuta, sitaki hata kivuli changu kionekane.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Tumehamishwa, nyumba zimepangwa mstari, tunalima pamba ya pamoja. Ikaja habari kwamba hospitali moja ya misheni inatafuta vijana wa kufundishwa kazi ya chumba cha upasuaji. Siyo udaktari, siyo uuguzi wa wodini. Ni yule anayesimama mezani na daktari, anatunza vyombo na kumpa kimoja kimoja anapovihitaji. Kijiji kiliruhusiwa kutoa mtu mmoja aliyemaliza darasa la saba. Wavulana waliomaliza walikuwa wameshakimbilia Mwanza. Nilibaki mimi. Kwenye mkutano watu waliinua mikono, wengine nusu nusu, mnajua mkono wa mtu asiyeridhika. Nikachaguliwa.

Nilifurahi jamani! Nilifurahi mpaka nikaogopa. Maana nilijua, nikishindwa na hili, sitarudi Dutwa kama mtu tena. Nitarudi kama methali.

Mwalimu wetu alikuwa sista mmoja mtawa, mkali, lakini mkali wa haki. Darasani sikuwa na shida. Majina ya mikasi na makoleo niliyashika, kuchemsha vyombo, kunawa mpaka kwenye viwiko, kuvaa glovu bila kugusa nje yake. Sheria kubwa ilikuwa hii: ukishanawa na kuvaa, mikono yako haishuki chini ya kiuno. Ikishuka chini ya meza, imechafuka, hata kama haikugusa kitu. Unatoka, unavuliwa, unaanza upya. Nilikuwa naisema sheria hiyo kama sala.

Halafu wakaniingiza thieta.

Daktari wetu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mvi zimejaa, Msukuma mwenzetu. Amesimama upande wa pili, macho yake yapo kwa mgonjwa. Akanyoosha mkono: "Mkasi." Sasa, kina mama, ninyi mmelelewa kama mimi. Mzee kanyoosha mkono mbele yako, unampaje kitu? Haya semeni. Eeh! Mikono miwili, taratibu, na goti chini. Mwili wangu haukuniuliza. Goti likaenda, mikono ikashuka nalo chini ya meza, na Sista kutoka mlangoni akasema, "Toka. Umechafuka."

Mnacheka. Hata mimi leo nacheka. Siku ile nilivuliwa gauni mbele ya watu na sinia zima la vyombo likarudishwa kuchemshwa. Nikanawa upya, nikarudi, daktari akasema "koleo," goti likaenda tena. Magoti yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mama yangu marehemu, na ya bibi. Nilikuwa nayaambia usiende, yanakwenda.

Sista akanivumilia wiki na wiki. Nikafika mahali nimekaza miguu kama mtu aliyeona nyoka, lakini mikono ikabaki na adabu yake. Natoa kile chombo polepole, kwa vidole, kama ninayempa mkwe maji. Siku moja mezani alikuwapo mama, mtoto amekataa kuzaliwa kwa njia yake. Daktari ameshapasua, damu inakuja, ananyoosha mkono bila kutazama: "Koleo." Nikalileta kwa upole wangu. Mkono wake ukafumba kabla sijafika, koleo likaanguka sakafuni. Nikatafuta lingine. Nusu dakika pengine. Ndugu zangu, nusu dakika mbele ya damu ya mtu ni ndefu sana.

Mama yule alipona, na mtoto alilia vizuri. Lakini mimi Sista aliniita nje. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, una akili, ila unampa daktari heshima ambayo mgonjwa ndiye anailipa. Nenda nyumbani. Pamba ikishavunwa urudi, nitakujaribu mara moja. Ikiwa vilevile, nafasi yako nitampa mwingine."

Nikapanda basi. Na sanduku langu lilelile nililorudi nalo kutoka kwa mume.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Banda lake lilikuwa kando ya ghala la pamba, na baiskeli za tarafa nzima zilipita mkononi mwake. Mtu mwembamba, mwenye utani, vidole vyeusi kwa grisi. Aliniona nikishuka na sanduku. Nikapiga magoti, "Mwadila, baba." Akaitikia, akaniuliza safari, akaendelea kukaza spoku. Baadaye ndipo akasema, "Haya. Wamekukuta na kosa gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akanyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo spana kama unavyompa daktari."

Nikaichukua, goti likaenda, nikampa kwa mikono miwili. Baba akaitazama spana, akanitazama mimi kule chini nilipo.

"Na hii baiskeli ingekuwa inavuja damu?"

"Ingekufa, baba."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikaanza kulia. Alipoona nalia akaacha kucheka, akajifuta mikono na kitambaa chake kichafu, akasema, "Ng'wanone, mwanangu, kuanzia kesho unafanya kazi na mimi hapa. Ila ni marufuku kunipigia magoti. Hata kunisalimia. Hayo magoti yangu niwekee. Siku ukifaulu uje unipe yote kwa pamoja."

Nyie wa siku hizi hamwezi kujua hilo lilikuwa jambo gani. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya baba yangu nikasema "Mwangaluka" nikiwa wima, nikahisi kama nimemtukana. Chozi lilinitoka. Yeye akaitikia kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote, akanigeuzia mgongo, akainama kwenye gurudumu, akanyoosha mkono nyuma: "Spana."

Nikaiweka kiganjani polepole. Akaiachia ianguke kwa makusudi.

"Sijaisikia. Macho yangu yako kwenye mnyororo. Gonga, mkono ujue imefika!"

Kumgonga baba kiganja! Nikagonga kidogo. Akaiangusha tena. Nikagonga zaidi. Ikawa ndiyo kazi yetu. Spana! Koleo! Pampu! Watu wanaosubiri baiskeli zao wakawa wanatuangalia kama ngoma. Wengine walisema hospitali imeniharibu akili.

Shangazi yangu, dada yake baba, akapita siku moja anatoka shamba la kijiji. Alisimama na jembe lake akatutazama, halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ghalani, "Kaka! Mtoto anakupiga viganja amesimama wima kama mwanamume, na wewe unanyoosha mkono tu? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kumbe ndiyo maana alirudishwa!"

Wenye baiskeli wakageuka kunitazama. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Baba hakugeuka hata. Alikuwa ameshika gurudumu, analizungusha aone kama limenyooka. Akasema, "Dada, alirudishwa na wengine. Mimi sijamrudisha." Kisha akanyoosha mkono: "Spana."

Kina mama, hapo ndipo nilipopona. Mtu akiniuliza nilifaulu lini, simwambii ni siku ya Sista. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimebeba wale ng'ombe miaka yote, nikidhani baba alipokaa kimya alikuwa ananihesabia. Kumbe hakuwa na hesabu nami. Nikaichukua ile spana na machozi yakinichuruzika, nikamgonga nayo kiganja mpaka ikalia. Akasema, "Aaa! Sasa daktari atasikia."

Pamba ilipokwisha nikarudi. Sista akaniweka mezani bila maneno mengi. Daktari akanyoosha mkono, "Kisu," magoti yakatikisika, nikayaacha yatikisike, mkono ukaenda. Nikagonga. Mkasi, nikagonga. Koleo, koleo, uzi. Mpaka mgonjwa anashonwa, mzee yule hakuwa amenitazama hata mara moja. Hakuhitaji. Hapo nikajua nafasi ni yangu. Na tulipotoka nje, tumeshavua glovu, nikampigia goti pale uani nikamsalimia vizuri kama mzazi. Akasema, "Wabeja, mayu; asante, mama. Huku nje sawa."

Nilipopata likizo nilishuka Dutwa asubuhi. Baba alikuwa bandani, amenipa mgongo, ameinama kwenye baiskeli ya mtu. Alisikia hatua, akadhani ni mwenye baiskeli. Akanyoosha mkono nyuma: "Hebu hiyo spana."

Nikaiokota. Nikamgonga nayo kiganja.

Mkono ule haukufumba. Ulibaki wazi, spana juu yake, na mgongo wake ukatulia kabisa. Aliujua mkono wangu. Alipogeuka, mimi nilikuwa nimeshapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, na grisi, na gauni langu jipya. "Mwangaluka, baba. Nimekuletea magoti yako."

Mtu yule wa utani aliiweka spana chini. Akachuchumaa mbele yangu, sura yake ikawa usawa wa yangu, akasema, "Inatosha, ng'wanone. Utachafua gauni."

Nimefanya kazi ile mpaka nywele zimekuwa hizi. Namshukuru Mungu, namshukuru yule sista aliyenirudisha akaacha mlango wazi, namshukuru daktari. Shangazi pia namshukuru, maana asingesema lake, baba asingesema lake. Naye mwisho alipasuliwa henia mimi nikiwa mezani, na alipozinduka kitu cha kwanza aliuliza kama nilisimama wima.

Kwa wewe uliyerudishwa, unayetembea pembeni ya ukuta: usihesabu waliokurudisha. Mtafute mmoja ambaye hajakurudisha, ukasimame mbele yake. Na kama hukumpata kwenu, ndiyo maana kikundi hiki kipo, na mimi nipo kwenye kiti hiki kila Jumamosi. Ukija, usinipigie magoti. Mimi yangu niwekee.