Mulika, Fundi wa Vijia vya Mwanga

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mulika, alizaliwa tarehe 9 Machi 1981, mtoto wa pili wa fundi saa na mshona nguo. Jina hilo alilipata kwa mama yake, aliyechoka kununua betri: kila alipotafuta tochi, aliikuta kwa bintiye, kaielekeza kwenye chupa ya maji aone mwanga unavyopinda.

Shuleni sayansi aliipenda, historia aliisinzia, na hakuficha. Alihitimu fizikia chuo kikuu mwaka 2005.

Mwaka 2008 aliajiriwa katika kiwanda cha chipu za mwanga. Akiulizwa kazi yake, alijibu, "Nachonga barabara, ila kinachopita ni mwanga." Chipu yenyewe ni ndogo kuliko ukucha, na ndani yake mwanga hupita kwenye vijia vyembamba kuliko unywele. Kwa chipu hizo simu zetu huvuka bahari. Nyingine, alizojivunia zaidi, humwonyesha daktari ugonjwa katika tone moja la damu.

Mwaka 2010 aliolewa na mwalimu wa hesabu, aliyekutana naye wakigombania nafasi kwenye foleni ya benki. Walijaliwa binti na mwana.

Kutengeneza chipu hizo kunahitaji gesi yenye sumu kali, ambayo ikivuja hunukia kama kitunguu saumu. Julai mwaka huu, 2025, Mulika alianza kunusa harufu hiyo kiwandani, katika chumba chao cha kazi. "Jamani, nani kala saumu?" wakataniana. Hakuna aliyekuwa amekula. Alipotoa taarifa, msimamizi alimwambia, "Mama, kipima gesi kinaonyesha kijani. Tuamini mashine au pua yako?"

"Mashine haina watoto," alijibu. Lakini oda ilikuwa ikisubiriwa, na kazi ikaendelea.

Jumatatu tarehe 11 Agosti harufu ilizidi. Mulika aliwatoa wenzake wote nje. Mdogo wake wa kike, aliyefanya kazi humo humo, alimvuta mkono.

"Dada, twende!"

"Tangulia. Nafunga mtungi, nakuja."

Alikuja kweli, kwa miguu yake, akilalamikia kichwa tu. Jioni mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Madaktari walisema damu yake ilikuwa inavunjika mwilini. Figo zikagoma. Kila alipozinduka aliuliza, "Wameshafunga kile chumba?" Mume wake alimwambia ndiyo, wamefunga. Alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 14 Agosti.

Chumba kilifunguliwa tena jana. Kipima gesi hakijabadilishwa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wazazi wake wote wawili, kaka yake, na mdogo wake huyo, ambaye ameitwa kazini Jumatatu, aikalie meza ya dada yake.

Yeye na apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki tusipumzike kwanza.