Mstari Ambao Marehemu Hakuuimba

Kila wimbo wa "Nyumba ya Pili Kushoto" ulipopigwa redioni, marehemu alisikiliza ubeti wa kwanza na wa pili, kisha akainuka kwenda uani kuangalia kama bomba linavuja. Bomba halikuwahi kuvuja. Alifanya hivyo kwa miaka arobaini na minane, na waliomzoea hawakumuuliza kitu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi wa vichwa vya treni na mama mshona nguo. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wavulana, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969. Huko ndiko alikojifunzia gitaa. Lilikuwa moja tu, lenye nyuzi nne, na kila mwanafunzi alipewa robo saa.

Januari 1972 aliajiriwa posta, dirisha la stempu na vifurushi, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2006. Jioni aliimba katika bendi ya vijana watano. Dirishani hapo alimpenda binti wa fundi saa, aliyekuwa akija kutuma barua za baba yake. Akamtungia wimbo unaomwelekeza mtu njia: vuka daraja, mpite kinyozi, nyumba ya pili kushoto. Mstari wa mwisho wa ubeti wa tatu ulitaja jina ambalo yeye peke yake alimwita.

Wimbo ulirekodiwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1975. Fundi saa alikuwa amesikia kuwa kuna wimbo unaoeleza njia ya kwake. Akavaa suti, akaenda studio, akaomba kiti. Marehemu alipofika kwenye mstari ule akainua macho, akamwona mzee nyuma ya kioo, kofia magotini. Sauti ikamkauka. Magitaa yakaenda peke yake mpaka kiitikio kilipoingia.

"Turudie," akaomba.

"Turudie na nini? Utepe umekwisha," akajibu fundi mitambo. "Halafu hapo uliponyamaza, mwanangu, mimi nimesisimka."

Mzee akasimama. "Hiyo nyumba ya pili ndiyo yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi siku nyingine pitia mlangoni, usipitie redioni."

Alipitia mlangoni. Wakafunga ndoa tarehe 23 Aprili 1977, wakajaliwa watoto watatu.

Santuri zilikwisha madukani ndani ya wiki tatu, na watu wakaanza kulijaza pengo lile wenyewe. Harusini, bwana harusi hutia jina la bibi harusi; uwanjani, mashabiki hutia jina la timu; wanafunzi wanaohitimu hutia la shule. Vijana wameurekodi upya mara tatu, na mara zote tatu wameliacha pengo palepale. Wateja walimuuliza dirishani, "Mzee, ule mstari ulisemaje hasa?" Naye akiwajibu, "Niandikie barua. Usisahau stempu."

Mkewe alikuwa na swali lake. "Nchi nzima inaimba pale isipokuwa wewe. Mstari wangu uko wapi?"

"Utaupata, bibie. Naingojea siku yake."

Siku ikapatikana hatimaye: harusi ya kitinda mimba wao, Desemba 2012. Alinunua nyuzi mpya, akafanya mazoezi akiwa amefunga mlango. Tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo, saa nne asubuhi, mkewe alianguka kwa kiharusi akianika nguo, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Harusi ilifanyika. Wimbo ulipopigwa ukumbi mzima ulipaza sauti, na marehemu alikuwa nje, amesimama kati ya magari. Hakushika tena gitaa.

Mwaka 2021 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alivumilia kwa upole, akiwatania wauguzi kwamba wanamgongea mhuri kama kifurushi. Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, dada yake mmoja, na mpiga ngoma wake, wa mwisho wa bendi ile aliyebaki. Mola amlaze mahali pema, penye utulivu.

Ijumaa ile kabla hajatutoka, binti yake wa pili, anayewasomea haya, alikuwa akimkata kucha kitandani. Akamwomba, "Baba, ule mstari niachie mimi basi, usije ukapotea." Midomo ya marehemu ikacheza kama ya mtu anayejaribu maneno. Kisha akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Huo ni wa mama yako. Nampelekea mwenyewe."