Mgeni wa Kijani kwenye Sahani ya Mama Calvin

Benchi la Abasi, muuza kahawa wa Mjimwema, limeegemea michongoma ya mzee Otto. Asubuhi hiyo Otto alitoka getini kwake akakaa na mawazo yake. Mkewe, Kunegunda, alikuwa hajatoka chumbani tangu alipougua mapafu wakati wa masika. Homa iliisha, hamu ya kuinuka haikurudi. Otto akampachikia sahani ya papai na ulezi nje ya dirisha, angalau apate ndege wa kuwatazama. Chiriku walikuja, yeye akageukia ukutani. Leo akatua mgeni, na Kunegunda akanyanyua kichwa: "Baba Calvin, yule ni ndege gani?" Swali la kwanza kwa wiki nyingi, na Otto hakuwa na jibu. Ndiyo maana alikuja kijiweni.

— Hebu tupe sura yake, mzee, alisema Polikarp, waliyembatiza Profesa kwa sababu redio haimtoki mkononi.

— Kijani mwili mzima, ana kishungi. Lakini akiruka, mabawa mekundu kama damu.

Saimon wa bodaboda, jina la kijiweni Breki, akaweka kikombe chini.

— Akitua Yanga, akiruka Simba. Huyo mwanachama amehama, bado hajatangaza.

— Kasuku huyo, alisema Abasi. Kwetu Tunduru wamejaa kwenye mikorosho.

— Kasuku gani ana kishungi? Profesa akabisha. Huyo katoka Msumbiji, kavuka Ruvuma bila pasipoti. Nyekundu anaificha ili mpakani aonekane jani.

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, Breki akadakia. Maana yake akija mnamchinja, wenyeji mnapona njaa.

— Hachinjwi mtu hapa, Otto alisema taratibu.

Abasi akamwongezea kahawa.

— Basi katumwa, mzee. Watu wa madini hao, wanapima urani ya Namtumbo. Ndani mna kamera.

— Kamera inakula papai? Otto akauliza.

— Papai ndiyo chaji yake.

— Ndiyo maana umeme unakatika, alisema Profesa. Haba na haba hujaza kibaba.

Otto akajikuta anacheka, huku akijiuliza ni lipi kati ya haya atampelekea mgonjwa. Geti likalia nyuma yao. Kunegunda alikuwa amesimama pale, kitenge begani, mkono mmoja umeshika nguzo.

— Shikamoo mama, wakasema kwa pamoja.

— Marahaba. Kelele zenu zinafika mpaka chumbani. Haya, nani kati yenu amemwona huyo ndege?

Breki akamtazama Profesa. Profesa akapunguza sauti ya redio iliyokuwa imezimwa. Abasi akapuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

— Hata mmoja?

Midomo ya Kunegunda ikaanza kucheza, kisha akacheka, kicheko kikamkata pumzi, akashika bega la mumewe akaendelea kucheka.

— Ingieni basi, bado yuko kwenye papai. Na mkinikanyagia mboga zangu za chainizi mtanijua.

Wakaingia kwa kunyata, Abasi na birika lake mkononi. Wote waliinua macho kwenye sahani, isipokuwa Otto. Yeye alikuwa anaitazama miguu ya mkewe, inavyotembea.