Spika za Masikioni

Kwenye treni, mkabala nami, kijana mwenye tai aliyejisifu kumaliza kozi tatu za mtandaoni, ingawa bado anatafuta kazi (mganga hajigangi), alikuwa akimnasihi fundi cherehani aliyeketi naye: “Dada, usiache masomo. Ukianza kipindi, vaa spika za masikioni. Usisikie la mwadhini wala la mteka maji msikitini.”

“Nilivaa siku ya mtihani wa mtandaoni, nyumbani,” dada akajibu. “Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, mgonjwa wa kitandani. Majirani wanasema aliniita mpaka sauti ikamkauka. Nilipomaliza, nikakuta ameshakata roho.”

Kijana akalegeza tai. “Pole. Na mtihani?”

“Nilifaulu. Mume wangu hajaniuliza matokeo mpaka leo.”

Treni ikasimama. Kijana akashuka upesi, nami nikamfuata bila kumtazama dada, ingawa hakikuwa kituo changu.