Papa Syauswa na Ulizo Yake: «Nani Alifunga?»

Miaka makumi tatu na moja. Papa Josaphat Syauswa aliingia mu garaji yetu ya Kimemi mwaka 1972, na viatu ya kuazima. Tarehe 30 ya mwezi wa sita, mwaka huu 2003, anatundika clé zake, zile spana, na kwenda pensheni. Bakubwa ba garaji baliniomba mimi, Paluku Zorobabel, niandike maneno ya programu ya sikukuu. Batu bamoja balisema: Paluku aliachia masomo mu ya tatu primaire, ataandika nini? Bangojee tu. Mimi njo soudeur wa kwanza wa huu muji, na mutu mwenye anaunga chuma hawezi kushindwa kuunga maneno.

Papa Syauswa alianza na kuosha pièces za pikipiki mu mafuta ya mazutu. Kisha akawa mécanicien, kisha mukubwa wa atelier. Pikipiki ya mapadri, ya bainfirmiers, ya bacommerçants ba kahawa, yote ilipita mu mikono yake. Mu hii vita, askari balipoanza kuingia garaji na kuchagua pikipiki kama mutu anachagua nyanya ku soko, yeye alikuwa anang'oa carburateur, zile zenye zinapeleka mafuta ku moteur, kila mangaribi, anazibeba kwake mu kitunga, chini ya majani ya sombe. Askari balipiga kick mpaka balichoka. Balisema huyu muzee ni mécanicien mubaya sana, pikipiki yake yote ni mufu. Yeye aliitika tu: «Ndiyo chef, mimi ni mubaya.»

Mais kulikuwa kitu yenye ilitukasirisha sisi bote. Syauswa hakugusaka kitu mbele ya kuuliza. Unamuletea bulon yenye imekwama, anachuchumaa, anaitazama, hata kuinusa anainusa, kisha anasema: «Nani alifunga?» Mutu ako na haraka, yeye anauliza. «Bulon haijifungake yenyewe,» alisemaka. «Nikijua mukono yenye ilifunga, nusu ya kazi imeisha.»

Sasa musikilize ile ya mwaka 2000.

Hassan, mwenye alikuwa anaendesha pikipiki ya centre de santé, kituo ya afya, alipanda nayo kutoka Beni. Pikipiki ya zamani, yenye kunywa mafuta kama mulevi. Kule Beni mafuta ya moteur ilikosekana, juu malori haikupita. Hassan akaingia ku soko, akanunua chupa ya mawese, akamimina ndani. Kule kwenye joto mawese inatembea kama maji, na alifika kwetu bila shida. Mais Butembo ni mulima, batu wangu. Asubuhi ile mawese ilikuwa imeganda ndani ya moteur kama mafuta ya nyama mu sufuria ya jana. Kick haikushuka hata kidogo.

Na ile asubuhi njo Mama Florentine, infirmière, muuguzi wa ile kituo, alikuja na glacière, sanduku ya barafu, ku kichwa. Ndani mulikuwa chanjo ya surua ya batoto ba kijiji ya Kipese. Kule surua ilikuwa imekwisha kuzika batoto saba. Pikipiki ingine askari balikuwa nayo, na barafu ya glacière ilikuwa ya kufika saa kumi tu. Kisha pale chanjo inakuwa maji ya bure.

Donc ilifaa kutoa ile mawese mbio, kupitia bouchon, kizibo ya chini ya moteur. Papa Syauswa alipotoka ku misa, alikuta bouchon imekuwa muviringo. Kona zote sita zimekwisha, clé inateleza juu yake kama mukono ku sabuni. Akachuchumaa. Tukajua.

«Nani alifunga?»

«Wallahi si mimi!» Hassan akaruka. «Mimi niliongeza juu, chini sikugusa!»

«Papa Syauswa,» Mama Florentine akasema, «barafu haiko na masikio ya kusikiliza maulizo.»

Mimi nilisema tuunge écrou, ile nati, juu ya ile bouchon na soudure, ni kazi ya dakika tano kwangu. Mais groupe ya umeme haikuwa na mafuta, na Syauswa hata hakugeuza kichwa. Alilala juu ya gunia, akaingiza kipande ya kioo chini ya moteur, akapitisha ukucha ku kila kona. Ilikuwa murefu ile kutazama! Mama Florentine alifungua glacière, akaifunga, akaifungua tena, mpaka Hassan akamuambia: «Mama, unachoma barafu na macho.»

Mwisho Syauswa akatoka chini. «Huyu mutu hakufungua,» alisema. «Alikaza. Chuma imesukumwa upande wa kukaza. Alisimama juu, akapeleka mukono chini, akasahau kama kule chini kushoto inageuka kuume. Donc si kutu. Ni nguvu tu.»

Muone akili. Kama ni kutu, unapiga nyundo. Kama ni nguvu, ukipiga nyundo alumini ya moteur inapasuka, na Kipese inangojea mpaka leo. Akaniangalia, akanipa lime, tupa ya kuchonga chuma. «Paluku, wewe uko na mukono ya nguvu. Chonga pande mbili, mpaka clé ya 14 iingie. Polepole.»

Nilichonga saa nzima. Hakuna mutu mwingine angeweza. Kisha tukaondoa réservoir, tanki ya essence, tukaipeleka mbali, na Syauswa akasogeza babula, jiko ya makala, chini ya moteur. Hassan akashika kichwa: «Muzee, ni kupika unapika?» Syauswa akasema ndiyo, anapika: alumini inapanuka mbio kuliko chuma na kuachilia bouchon, na mawese nayo inayeyuka. Babula moja, kazi mbili. Akaondoa makala, akatia clé ya 14, akagonga mara mbili kidogo. Tak! Bouchon ikazunguka. Mawese ikashuka nyekundu, garaji yote ikanuka jikoni.

Akatia bouchon ya pikipiki ingine yenye kufa, na bidon ya mafuta yenye alikuwa ameficha. Saa tano Mama Florentine alikuwa ameenda, glacière ku mugongo wa Hassan. Kesho yake balirudi: batoto mia mbili na makumi nane balichanjwa.

Ile bouchon ya muviringo, Syauswa aliitundika ku musumari juu ya poste yangu, mashine ya soudure. Si juu ya yake, juu ya yangu. Miaka tatu iko pale. Na ile ulizo hakuniuliza tena.

Donc Papa Syauswa, usiende na ulizo yenye haina jibu. Njo mimi. Ulikuwa ku misa, nilitaka kukuonyesha kama bila wewe kazi inatembea. Clé ilikuwa ya 19, bouchon ya 17, na nilikuwa nimesimama juu. Mais unakubali kama ilikazwa vizuri!

Wasingya, asante sana, ndugu. Garaji yote inakushukuru, na Kipese pia. Ukae kwako na amani, kahawa yako izae, kila mulango ikufungukie na kidole moja. Na ile bouchon, uiache ku musumari. Ni yangu.