Mzee Riboni na Jino Lililovunjika

Ndugu, jamaa na majirani, asanteni kwa kuwa nasi tangu Jumanne. Tumeombwa wasifu huu uwe mfupi. Marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa kufupisha kazi, kwa hiyo mtuwie radhi tukikawia kidogo kwenye kona moja au mbili.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho na mama yake alikuwa mshonaji. Wazee walisimulia kwamba alikuwa mtoto mkimya mno, hata shangazi yake kila akipita alimfinya kidogo kuhakikisha kwamba yu mzima. Alipoanza kutambaa, alijichagulia mahali pake: chini ya cherehani ya mama yake, sikio karibu na kanyagio. Watoto wengine walibembelezwa kwa nyimbo. Huyu akisikia cherehani imenyamaza ndipo alipolia.

Alianza shule ya msingi Januari 1954 na kumaliza mwaka 1961. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Mwenyewe alisema alikaa katikati, "ambako fimbo haifiki haraka." Kisha akaenda shule ya ufundi, akamaliza Desemba 1964 akiwa na cheti, tupa moja na bisibisi mbili, vitu ambavyo alivitunza hadi mwisho, ila cheti kilipotea.

Tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa katika karakana ya kutengeneza taipureta, kwenye ghorofa ya chini ya jengo lililojaa wauza karatasi. Alianza kwa kufagia na kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Baada ya miaka michache, makatibu wa ofisi walikuwa wakipiga simu na kusema, "Tuletee yule mwenye vidole vyeusi." Wino wa riboni, ule utepe wa taipureta, ulikuwa umemwingia kwenye kucha, ukagoma kutoka hata siku ya harusi yake. Jina la Riboni likamkaa, na wengi wenu hapa ndilo jina pekee mnalolijua.

Karakana ile ilikuwa na desturi moja, naye aliishika kuliko waliomfundisha. Kipuri chochote kilichotolewa kwenye mashine, hata skrubu iliyoliwa na kutu, kilifungwa kwenye karatasi, kikazungushiwa uzi, kikarudishwa kwa mwenye mashine. "Kimetoka kwake, ni chake," alisema. Wateja wengine walicheka na kukitupa mlangoni. Yeye hakujali, mradi amekikabidhi.

Mwaka 1969 aliitwa kwenye ofisi moja ambako taipureta ilikuwa imekwama herufi. Akaifungua, akakuta chembe za mkate. Akauliza ni nani anayekula kwenye mashine. Wakamwelekeza kwenye chumba cha chai, kwa binti aliyekuwa akioka mikate ya ofisi nzima. Riboni akaenda kumkanya.

"Dada, mkate wako umekwamisha mashine ya watu."

"Haijakwama, kaka," yule binti akajibu bila kugeuka. "Imeshiba. Na wewe kaa hapo, naona una njaa."

Alikaa. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1970, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1978 nyumba moja ya wageni ilifungwa na vyombo vyake vikauzwa. Riboni akarudi nyumbani ameikumbatia mashine ya kukandia unga, ya umeme, ya chuma kitupu, rangi ya maziwa, nzito kama ng'ombe aliyekataa kutembea. Mkewe akaitazama, akamtazama na mumewe.

"Kwa hiyo umeniletea mke mwenza."

"Huyu hali, wala hanuni," Riboni akasema.

Basi ile mashine ikaitwa Mke Mwenza tangu siku hiyo, na mtaa mzima ukaijua. Kila Jumamosi asubuhi iliwashwa, na kila ilipowashwa iligonga: ko, ko, ko. Ndani yake kulikuwa na gia ambayo jino moja lilikuwa limevunjika tangu huko ilikotoka. Riboni aliijua kasoro hiyo siku ya kwanza, akataka kuiondoa siku ya pili. Mkewe akamzuia. "Iache hivyohivyo. Inanisemesha." Akajaribu tena mwaka uliofuata, na mwingine, akapata jibu lilelile. Akaishi na mlio huo sikioni miaka yote, yeye fundi wa watu, na majirani wakimtania: "Riboni, kwako kunagonga nini? Au mwenye duka la dawa naye huugua?"

Karakana ilifungwa mwaka 1996, kompyuta zilipoingia maofisini. Hakulalamika sana. Alihamishia meza yake barazani, akawa anatengeneza pasi, feni na redio. Jirani yake wa ukuta wa pili alikuwa rafiki yake wa siku zote, fundi wa baiskeli, ambaye sote tunamwita Spoki. Wawili hawa walishinda wakibishana juu ya ukuta bila kuonana nyuso.

Mama watoto alitutoka tarehe 9 Juni 2012. Mke Mwenza alikuwa amemtangulia kwa miezi michache: mota ilitoa harufu ya kuungua, ikazima, na kwa kuwa mama alikuwa tayari kitandani, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuishughulikia. Riboni akaifunika kwa kitambaa. Jikoni pakawa kimya, na ukimya ule ndio uliomkondesha. Mkate ulinunuliwa dukani. Aliula huku anatazama pembeni, kama mtu anayemeza dawa.

Mwaka 2014 binti yake mkubwa alimletea mashine mpya, ya plastiki, ndani ya boksi lake.

"Baba, hii nyepesi. Unaibeba kwa mkono mmoja."

"Naiona, mwanangu."

"Mbona huifungui?"

"Ni nzuri. Ila haijawahi kumwona mama yako."

Kesho yake aliondoa kile kitambaa.

Waliopita barazani siku zile wanakumbuka. Aliifungua Mke Mwenza kipande kwa kipande juu ya gazeti. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama gundi. Aliikwangua kwa kijiti, akaosha vyuma kwa mafuta ya taa, akavianika juani kama mtu anayeanika dagaa. Waya wa umeme ulikuwa umepasuka gamba, akaubadilisha. Kaboni za mota, vile vipande vinavyoipitishia umeme, zilikuwa zimelika zikabaki kama kucha. Spoki akampatia nyingine kutoka kwenye mashine mbovu ya kutobolea, kubwa mno, naye akazisugua kwa msasa taratibu mpaka zikaingia mahali pake. Na kwa wauza vyuma chakavu akaipata maiti ya mashine ya aina ileile, nayo tumboni mwake ilikuwa na gia nzima, meno yote yamo. Alifurahi kama amepata jino lake mwenyewe. Hatimaye ile kasoro aliyoivumilia miaka yote ile angeiondoa, na mashine ya mkewe ingekuwa vile alivyotamani iwe tangu mwanzo.

Gia ya zamani aliifunga kwenye karatasi, akaizungushia uzi. Akasimama nayo mkononi muda, kwa sababu desturi ni desturi na mwenye mashine hakuwepo. Kisha akaenda chumbani, akaiweka kwenye droo ya mkewe, juu ya vitambaa vyake vya kichwa.

Jumamosi hiyo binti mkubwa akaja na unga. Mashine ikawashwa. Ilizunguka laini, bila kugonga, utadhani imewekwa juu ya pamba. Riboni alisimama mlangoni akitabasamu. Halafu lile tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe hayumo.

Mkate ukatoka mgumu. Spoki alipewa kipande juu ya ukuta, akakirudisha. "Huu mkikinga nao gurudumu la lori mlimani, dereva akalale."

Jumamosi iliyofuata wakajaribu tena, unga uleule, hamira ileile. Ukatoka mgumu zaidi. Binti akakaa chini, mikono imejaa unga, machozi karibu.

"Sijui niukande mpaka lini, baba. Mama hata hakuwa anautazama. Aliwasha, akatoka zake nje kuanika nguo. Halafu katikati ya maneno anaacha kila kitu, anakimbia ndani. 'Umeiva,' anasema. Kila mara ni sawasawa. Alijuaje?"

Spoki alikuwa akisikiliza huko kwake, kama kawaida yake. "Mwanangu, mimi shemeji alikuwa ananikataza kugonga nyundo mashine ikiwa inafanya kazi. Miaka yote. Nilidhani hanipendi tu."

Riboni akaitegea mashine sikio. Wanaomjua wanajua ukimya wake ulikuwa wa aina nyingi, na huu ulikuwa wa kusikiliza kitu cha zamani. Kinyunya kikiwa bado kilegevu, Mke Mwenza iligonga haraka na kwa wepesi. Kilipokaza na kuanza kujivuta, mota ilielemewa, na mlio ukawa wa polepole, mzito. Mkewe alikuwa akiusoma mkate kutoka uani, kwa masikio, akiwa na kibanio cha nguo mdomoni.

"Nimeitibu," akasema hatimaye, "mpaka imekuwa bubu."

Akaenda chumbani. Binti yake, aliyemfuata hadi kizingitini, alimwona akigonga droo kwa kidole kabla ya kuifungua, kama mtu anayebisha hodi. "Mama watoto, ile gia naiazima." Akaitoa, na ile mpya, ilipotolewa kwenye mashine, akaifunga karatasi na uzi, akaiweka palepale. Droo haikukaa tupu.

Waliwasha tena. Ko, ko, ko. Riboni akatoka uani, na kwa kuwa alitaka mambo yawe kama yalivyokuwa, akachukua shati lililolowa akalishika kwenye kamba. Alikaa hivyo mpaka mlio ukaanza kuchelewa, ukawa mzito. Shati likamponyoka likaanguka mchangani.

"Umeiva," akasema.

Mkate ule ulipotoka aliula amesimama, ameegemea ukuta. Spoki alirudi kuomba kipande cha pili, na hiyo ndiyo sifa yake ya juu kabisa.

Tangu hapo mtaa ukawa na mkate wa Jumamosi. Lakini tusidanganyane mbele yake: sauti ilirudi, mwenye sauti hakurudi. Mashine ikigonga, Riboni aliinua kichwa kuelekea mlango wa jikoni, kila Jumamosi, miaka yote iliyobaki. Kisha akarudisha macho kwenye bisibisi yake. Binti yake aliwahi kumuuliza kama haimuumizi. Akajibu, "Inauma. Lakini kimya kilikuwa kinauma na hakina mkate."

Oktoba 2022 moyo wake ulianza kuchoka. Alitibiwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, akaomba kitanda chake kihamishiwe chumba kinachopakana na jikoni. Wauguzi waliomhudumia tunawashukuru. Daktari aliyempima kifua alimwambia mapigo yake yanaruka moja moja. "Hilo ni jino," akamjibu. "Usiliguse."

Wiki zake za mwisho alikuwa haongei sana. Siku moja binti yake, akitaka kumfurahisha, akaiwasha mashine bila kitu ndani. Kutoka kitandani kwake ikaja sauti nyembamba: "Hiyo tupu. Tia unga, mwanangu, usinidanganye na mimi mgonjwa."

Alifariki dunia Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka 79. Haikuwa siku ya mkate, na jikoni palikuwa kimya. Binti yake alikuwa amemshika mkono. Kucha zake bado zilikuwa na weusi.

Leo ni Jumamosi. Mliolala nyumbani mmeisikia Mke Mwenza alfajiri, na mkate mtakaoukuta pamoja na chai ndio huo. Spoki, kwa hiari yake, hakugonga nyundo.

Desturi yake tumeitimiza. Kipuri kilichotolewa hurudi kwa mwenye mashine, na ile gia nzima, yenye meno yote, ilikuwa bado kwenye droo ndani ya karatasi yake na uzi wake. Tumemtilia mfukoni mwa koti. Atamkabidhi mama mwenyewe.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba na kitukuu mmoja. Dada yake mkubwa. Rafiki yake wa ukuta wa pili. Na Mke Mwenza, ambaye hali wala hanuni, na jino lake tumeliacha hivyohivyo.

Apumzike kwa amani baba yetu. Na akisikia kitu kinagonga jikoni, asiinue kichwa tena. Mwenzake yuko naye, huku ni sisi tu.